Waraka kwa Filemoni na Maradhi ya Muhtasari

Katika nyaraka zote za Paulo hakuna ulio mfupi kuliko ule aliomwandikia Filemoni. Maneno yake ya Kigiriki ni 335 tu, na wahariri wa Biblia wameugawa katika aya 25. Ufupi huo umeuponza. Katika karne ya nne Yeronimo na Yohana Krisostomo walilazimika kuutetea mbele ya watu waliouona kuwa barua ya mambo ya nyumbani, isiyofaa kitu katika mafundisho ya kanisa. Na tangu hapo haujakosa wasomaji wanaodhani kwamba wanaujua kabla ya kuufungua. Anayeufundisha kama fasihi aghalabu huanza kwa muhtasari: Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alimwibia bwana wake, akatoroka, akakutana na Paulo gerezani, akaongoka, akatubu, Paulo akamrudisha kwa bwana wake na barua ya kumwombea msamaha. Muhtasari ukiisha, hufuata orodha ya dhamira: msamaha, toba, upendo, utiifu. Mwishoni kabisa, endapo karatasi imebaki, hutajwa fani, nayo huwa ni salamu, shukrani, kiini na kuagana.

Makala haya yanadai kwamba muhtasari huo haumo katika waraka, kwamba orodha ya dhamira imezaliwa na muhtasari wala si na waraka, na kwamba mgawanyo wa fani na maudhui, uliotawala uhakiki wa Kiswahili kwa miongo kadhaa, ndio unaoruhusu kosa hilo lipite bila kuonekana. Anayeyatenga maudhui kwanza na kuiacha fani ingoje nje hana namna ya kugundua kwamba maudhui aliyoyashika si ya matini iliyo mbele yake.

Na yaanze yasiyokuwapo. Katika waraka mzima hakuna kitenzi cha kutoroka. Aya ya 15 husema kwamba Onesimo alitengwa na Filemoni kwa kitambo, na kitenzi chenyewe kimetumika kwa namna isiyomtaja mtendaji: hakuna asemaye ni nani aliyemtenga na nani. Hakuna wizi. Aya ya 18 ina sharti tu: kama amekukosea, au kama ana deni lako. Mtu akisema “kama” mbele ya hakimu hajakiri kosa, na wala hajamkiria mwenziwe. Hakuna toba, Onesimo hasemi neno, hatajwi kulia wala kujuta. Hakuna hasira ya Filemoni. La kushangaza zaidi kwa wapenzi wa orodha za dhamira, neno la msamaha halimo. Dhamira inayowekwa kileleni mwa orodha haina hata neno moja linaloibeba.

Atakayesema kwamba mambo hayo hayakuhitaji kutajwa kwa kuwa wahusika waliyajua, na asome barua ya Pliny Mdogo kwa rafiki yake Sabinianus, iliyoandikwa miongo michache tu baadaye. Pliny anamwombea mtu aliyekuwa mtumwa wa Sabinianus na kuachwa huru, ambaye amemkosea bwana wake wa zamani na kumkimbilia Pliny. Humo kila kitu kimo: machozi ya mkosaji, majuto yake, hasira ya mkubwa na haki yake ya kukasirika, karipio ambalo Pliny mwenyewe amemkaripia yule mtu, na ombi la wazi kwamba asamehewe. Hivyo ndivyo barua ya kuombea msamaha ilivyoandikwa katika dola ya Rumi. Kuuweka Waraka kwa Filemoni kando ya barua hiyo na kusema kwamba ni aina moja ni kufumba macho. Zinafanana kwa kuwa kila moja ina watu watatu, basi.

Muhtasari huu, hivyo, umetoka wapi? Umo tayari katika homilia za Krisostomo, ambaye anautaja wizi na kutoroka kana kwamba amevisoma. Wanazuoni wa karne ya 20 wameutikisa. Mwaka 1985 Peter Lampe alionyesha kwamba katika sheria ya Kirumi mtumwa aliyemwendea rafiki wa bwana wake ili amwombee hakuhesabiwa kuwa mtoro. Mwaka 1987 Sara Winter alidai kwamba Onesimo alitumwa kwa Paulo na kanisa lake. Mwaka 1993 Allen Callahan alikwenda mbali zaidi: kwake Onesimo si mtumwa hata kidogo, bali ni ndugu wa Filemoni wa damu. Dai la mwisho linagota kwenye neno “tena” la aya ya 16, kwani ni vigumu kumwambia mtu asimpokee mwenziwe kama mtumwa tena ikiwa hakuwahi kuwa mtumwa kwa maana yoyote. Hata hivyo kugombana kwao kunatosha kuthibitisha jambo moja: mahali ambapo muhtasari unasimama kwa kujiamini, waraka una pengo. Udhaifu wao ni kwamba kila mmoja, baada ya kulifunua pengo, ameharakisha kulijaza kwa kisa chake. Hakuna aliyekaa mbele yake na kuuliza linafanya kazi gani.

Swali hilo si la anasa ya wasomi. Katika miaka ya 1830, huko Liberty katika jimbo la Georgia, Marekani, mhubiri Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa kutoka waraka huu, akisifu utiifu na kulaani utoro. Yeye mwenyewe ameripoti kilichotokea: nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao, na miongoni mwa waliobaki wapo waliotamka kwamba waraka wa namna hiyo haumo katika Biblia. Ripoti hiyo imekuwa ikinukuliwa kama ushahidi wa hasira ya watumwa. Ni zaidi ya hasira. Ni uhakiki. Waraka wa kulaani utoro kweli haumo katika Biblia. Uliokuwamo kinywani mwa Jones ulikuwa muhtasari. Watu walionyimwa elimu ya kusoma walimzidi mhubiri wao aliyesoma vyuoni, na kwa hilo wanastahili nafasi katika historia ya ufasiri ambayo bado hawajapewa.

Sasa muundo. Kusema kwamba waraka una salamu (aya 1 hadi 3), shukrani (4 hadi 7), kiini (8 hadi 22) na kuagana (23 hadi 25) ni kusema kwamba ni barua ya zama zake. Nyumba zote zina mlango. F. Forrester Church, katika makala yake ya mwaka 1978, alipiga hatua alipouonyesha kuwa hotuba ya ushawishi yenye utangulizi wa kumlainisha msikilizaji, hoja, na tamati inayorudia maneno ya mwanzo kwa nguvu mpya. Lakini kiini cha jambo ni mpangilio wa kujulisha: msomaji anaruhusiwa kujua nini, na lini.

Jina la Onesimo halionekani mpaka aya ya 10. Hata hapo, katika Kigiriki, limewekwa mwisho wa kishazi: kwanza Paulo anasihi kwa ajili ya mtoto wake, kisha anasema kwamba alimzaa kifungoni, na hapo tu ndipo jina linapodondoka. Filemoni amekwisha kumkubali mtoto wa Paulo kabla ya kujua kwamba mtoto huyo ni mtu wa nyumbani kwake. Tafsiri inayolisogeza jina mbele ili sentensi iteleze imeua hoja kwa ajili ya ulaini. Neno doulos, yaani mtumwa, linachelewa zaidi: halimo popote ila katika aya ya 16, na humo limo mara mbili, mara ya kwanza likikanushwa na mara ya pili likipitwa. Paulo halitamki neno hilo ila wakati wa kuling’oa. Muhtasari, kwa kuanza na “Onesimo, mtumwa wa Filemoni”, unalipanda neno hilo katika mstari wa kwanza, na msomaji akifika aya ya 16 hana tena cha kushtuka nacho.

Vitenzi vya amri navyo vina zamu yao. Paulo anatangaza katika aya ya 8 kwamba anao ujasiri wa kuamuru, kisha haamuru. Aya zinapita. Amri ya kwanza katika waraka ni ile ya aya ya 17, mpokee, nayo imefungamanishwa na sharti lisilo na njia ya kulikwepa: ikiwa unaniona kuwa mshirika wako. Kumkataa Onesimo sasa ni kuuvunja ushirika na Paulo. Baada ya hapo amri zinafuatana upesi: hesabu deni kwangu, uburudishe moyo wangu, andaa chumba. Asiyeitazama zamu hii ataandika, kama ilivyokwisha kuandikwa mara nyingi, kwamba Paulo ni mpole. Upole wa aya 16 ndio unaoifanya ya 17 isikataliwe.

Kuna pia neno splagkhna, lenye maana ya viungo vya ndani ambamo watu wa kale waliweka huruma, na ambalo katika Kiswahili huitwa moyo kwa kukosa lililo bora, ingawa washairi wa pwani waliojua kazi ya ini wangeweza kuwasaidia wafasiri. Limetumika mara tatu. Katika aya ya 7 mioyo ya watakatifu imeburudishwa na Filemoni. Katika aya ya 12 Onesimo ndiye moyo wa Paulo. Katika aya ya 20 Filemoni anaambiwa auburudishe moyo wa Paulo. Mwenye kuziunganisha aya hizo tatu anapata hoja kamili, ambayo Paulo hakuiandika popote kwa sentensi moja. Sehemu yake ya kwanza imetegwa ndani ya shukrani, mahali ambapo wahakiki wa orodha huandika “adabu” na kupita. Fani hapa haikuyapamba maudhui. Ondoa marudio hayo na hoja yenyewe haipo.

Norman Petersen, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alitofautisha mfuatano wa matukio na mfuatano wa kusimuliwa kwake, tofauti inayojulikana vizuri na yeyote aliyefundisha riwaya. Katika matukio, deni la Filemoni kwa Paulo, la kuingizwa katika imani, lilitangulia mambo yote. Katika waraka linatajwa katika aya ya 19, baada ya Paulo kuahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa chochote ambacho Onesimo anadaiwa. Huo mwandiko ni hati ya deni, halali mbele ya sheria. Na mara tu hati inapotiwa saini, mdai anakumbushwa kwamba yeye mwenyewe ni mdaiwa, tena wa nafsi yake. Lugha ya biashara imetapakaa sehemu hii yote: mshirika, deni, hesabu, kulipa, na katika aya ya 15 kitenzi cha kupokea kikamilifu ambacho makarani wa Misri walikiandika kwenye stakabadhi za mafunjo. Dhamira ya waraka, ikiwa ni lazima itajwe kwa neno moja, ina haki zaidi ya kuitwa hesabu kuliko msamaha.

Wapo wanaotafuta muundo kwa njia nyingine. Huzipanga aya kwa jozi, ya kwanza na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, mpaka wafike katikati na kutangaza kwamba hapo ndipo penye siri. Mgawanyo wa aya unaotumika leo uliwekwa na Robert Estienne, mpiga chapa wa Kifaransa, mwaka 1551. Ni heshima kubwa kwa mpiga chapa.

Jambo lenye uzito zaidi ni lile ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona kwa urahisi kuliko msomaji wa Kiingereza, ambaye lugha yake imepoteza tofauti ya wewe na ninyi. Waraka umeandikwa kwa Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni. Salamu ni ya ninyi. Lakini kuanzia aya ya 4, na karibu katika kiini chote, Paulo anasema na wewe mmoja. Barua inasomwa barazani, watu wameketi, na mmoja wao anasemeshwa peke yake huku wengine wakisikiliza. Kila sifa anayomwagiwa katika shukrani inashuhudiwa na watu watakaojua kesho kama alistahili. Kuuita waraka huu barua ya siri kati ya marafiki wawili, kama ilivyozoeleka, ni kuwafukuza mashahidi ambao Paulo amewataja kwa majina.

Kiswahili kina jingine la kusema, na ni ajabu kwamba wahakiki wake wamelinyamazia. Mzizi -tum- ndio uliozaa mtumwa, na ndio uliozaa mtume. Mmoja ametumwa na hana la kusema. Mwingine ametumwa na ana neno la kusema. Kutoka humo humo hutoka mtumishi, na kutumika, na kutumia. Kigiriki hakina mfungamano huo kati ya doulos na apostolos, lakini waraka wenyewe unauelekea. Paulo anaacha cheo cha utume katika salamu na kujiita mfungwa, jambo asilolifanya katika salamu ya waraka mwingine wowote. Onesimo, kwa upande wake, anatumwa na Paulo, naye anakwenda kwa kimya akiwa ndiye moyo wake na mahali pake. Jina lake lina maana ya mwenye manufaa, na aya ya 11 inalichezea: zamani hakukufaa, sasa anatufaa sote wawili. Lilikuwa jina la kawaida la watumwa, jina la matarajio ya mnunuzi. Watu wa pwani hii wanayajua majina ya namna hiyo. Mabruki na wenziwe waliobeba mizigo ya misafara ya karne ya 19 walibeba na baraka za watu wengine katika majina yao. Kuufafanua mchezo wa aya ya 11 kama “tamathali ya usemi” na kuishia hapo ni kutoona kwamba Paulo analinyang’anya jina kutoka kwa aliyelitoa.

Pingamizi moja lafaa kusikilizwa. Inaweza kusemwa kwamba lugha ya undugu ni rahisi, na kwamba pwani ya Afrika Mashariki ni ushahidi wa urahisi wake. Mzalia alilelewa ndani ya nyumba, akamwita bwana wake baba, akahesabiwa miongoni mwa watoto, na bado hakuwa mwungwana. Undugu uliupamba umiliki, haukuuondoa. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linalowaumbua wanaoweka “upendo” katika orodha ya dhamira na kuridhika. Undugu ukiachwa peke yake katika aya ya 16 ungekuwa pambo. Waraka haukuuacha peke yake. Uliufunga kwa maneno mawili, katika mwili na katika Bwana, ili usihamishiwe kanisani tu. Na ukauandikia hati ya malipo.

Hapa historia ya Rabai inatoa ufafanuzi kuliko vitabu vingi. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali. Katika ukanda wa pwani ya Kenya haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1907. Vituo vya misheni karibu na Mombasa vilijaa watoro. Mabwana wakawadai, na mwaka 1888 ugomvi ulikaribia kuwa vita. Wamisionari walikuwa na waraka huu mikononi, lakini haukuwaambia kama wawarudishe. Mwishowe George Mackenzie, wa kampuni ya Imperial British East Africa, aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru. Deni lilihesabiwa kwa mtu wa tatu. Bila shaka kampuni ilikuwa na hesabu zake, na wala haikuwa ikifasiri Maandiko. Lakini tukio hilo linafunua kile ambacho aya ya 18 ilikuwa ikikizungumzia: kwamba mahali ambapo mtu ni mali, undugu una gharama, na lazima awepo wa kuibeba.

Haifuati kwamba waraka ni ilani ya kukomesha utumwa. Wanaousoma hivyo nao wana muhtasari wao, ila wameugeuza. Hakuna aya inayosema mwache huru. Aya ya 21 inasema tu kwamba Paulo anajua Filemoni atafanya zaidi ya anayoambiwa, na hilo “zaidi” halikujazwa. Mhakiki mmoja huandika pembeni “uhuru”, mwingine “msamaha”, wa tatu “arudishwe kwa Paulo”, na kila mmoja hulifunga pengo ambalo Filemoni aliachiwa alifunge mwenyewe mbele ya watu wa nyumba yake. Tena hakuachiwa bila kuangaliwa. Sentensi inayofuata mara moja ni ile ya chumba: niandalie mahali pa kukaa. Maelezo mengi ya darasani huihesabu kuwa habari ya safari, yenye kuonyesha kwamba Paulo alitarajia kufunguliwa. Ni amri ya mwisho katika waraka, kwa wewe mmoja, na kabla sentensi haijaisha nafsi imebadilika: Paulo anatumaini kwamba kwa maombi yenu atarejeshwa kwenu. Ninyi. Baraza zima limerudi, na mgeni atakapofika, chumba kitakuwa katika nyumba ile ile aliyotumwa Onesimo.